Matanga ya Punda wa Kuchora

Mji mzima wa Mbwajumali, kisiwani Pate, ulijua kwamba Swafiya binti Muhdhar anasoma chuo kikuu Mombasa, ila ukiuliza anasomea nini ulipata majibu ya kila namna. Wengine walisema kompyuta, wengine walisema uchoraji. Mamake akiulizwa arusini alijibu "mambo ya picha" na kugeuza mazungumzo upesi kabla hajatupiwa swali la pili. Ukweli ni kwamba msichana alisomea sanaa ya gemu: kuumba watu, nyumba na miti ndani ya kompyuta, ili vijana wanaocheza gemu kwenye simu zao wawe na watu wa kukimbia nao na kuta za kuruka. Shangazi yake, Bi Sundus, ndiye pekee aliyeelewa, naye alieleza kwa njia yake. Alisema Swafiya ni fundi wa nyumba zisizovuja.

Jina lake mtaani, hata hivyo, halikutokana na chuo. Lilitokana na punda.

Punda huyo alikuwa mnene, masikio yake hayakulingana urefu, na aliitwa Hasha kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila alichoambiwa. Akiambiwa abebe mawe, hasha. Akiambiwa apishe arusi ipite, hasha. Akiombwa kwa heshima na taadhima atoke mlangoni mwa mkuu wa wilaya, hasha tena, na mkia juu. Kila Alhamisi Swafiya aliweka mkasa mpya wa Hasha kwenye stetasi yake ya WhatsApp, picha chache tu za rangi, na kufikia Ijumaa mkasa ulikuwa umeshapita Faza na Siyu, umeshuka Shela kwa wafanyakazi wa mahoteli, umepanda mpaka Kiunga. Watoto walipotumwa dukani waliitikia "hasha" na kupigwa kofi. Mama zao walimlaumu Swafiya kwa hilo, halafu katika pumzi ileile wakamwuliza Alhamisi itakuwaje.

Naye alipenda. Tusimsingizie upole asiokuwa nao. Akipita njiani akasikia watu wazima wakibishana kama Hasha angekubali kuvaa kiatu, alipunguza mwendo makusudi, akajitia anatengeneza ushungi.

Shida ilikuwa askari mmoja wa kwenye kompyuta.

Likizo hiyo Swafiya alirudi nyumbani na kazi ya chuo begani. Walikuwa kundi la watu watatu na walitakiwa kuunda gemu ya mji wa kale wenye ukuta na lango. Wafula aliandika maagizo yanayoifanya gemu iende. Nerea alikuwa mkuu wa kundi, na alichora mji wenyewe. Watu wa mji wote, kuanzia askari wa lango, walikuwa mikononi mwa Swafiya: awaumbe, awavishe, awape rangi, awatembeze. Kazi ilitakiwa Jumapili. Mhadhiri aliwaambia wazi kwamba kundi litakalochelewa litarudia mwaka, na hakumtenga mtu. Wangerudia wote watatu kwa uzembe wa mmoja.

Kufikia Jumanne ya wiki hiyo askari wa lango alikuwa mwili wa kijivu usio na nguo, mikono ameinyoosha pande zote mbili kama kanzu iliyoanikwa. Swafiya alimfungua kila siku asubuhi kwa nia njema kabisa. Alimtazama, askari akamtazama, na baada ya muda mfupi mkono wake ulikuwa umeshafungua ukurasa mwingine na Hasha alikuwa anakataa kupanda mashua. Mkono ule ulikuwa na akili zake.

Jumanne hiyohiyo Nerea alipiga simu kutoka Nairobi. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Swafiya.

"Swafi, huyo punda wako ni noma, siwezi kukudanganya," alisema. "Lakini askari wangu bado hana suruali."

Halafu akamweleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake, kwamba Wafula hana namna ya kumtembeza mtu ambaye hajaumbwa, na kwamba mamake Wafula ameshawaambia jamaa wote mtoto wao anamaliza mwakani. Achague. Punda apumzike, ama wao watatu warudie mwaka.

Swafiya alikata simu, akakaa kitandani, akapiga moyo konde. Hasha itabidi aondoke. Kunyamaza tu haikuwezekana, maana alishajaribu. Wakati wa mitihani aliwahi kuruka Alhamisi moja, na Bwana Shukri, mkulima wa tumbaku mwenye punda wanne wa nyama na damu, alimsimamisha mamake njiani akamwuliza kama kuna ugonjwa nyumbani. Kunyamaza kungeleta maswali, maswali yangeleta wageni, na wageni wangekula siku nzima. Palihitajika mwisho, mwisho wenye kufungwa kwa komeo, usioacha mtu akiuliza kinachofuata.

Kwa hivyo alimuua.

Ilikuwa picha moja. Hasha amelala ubavu kwenye mchanga, macho yamefumbwa, soji yake ya kubebea mizigo imewekwa pembeni, sikio refu limelalia lile fupi. Chini aliandika: "Hasha hatunaye tena." Aliiweka kwenye stetasi Jumatano magharibi, akazima simu, akaswali, akala, akalala fofofo akijiona mjanja kuliko wajanja wote wa kisiwa cha Pate.

Alisahau jambo moja, nalo si jambo la kusahauliwa na mtu aliyezaliwa Mbwajumali. Kule habari ya kifo haisomwi ikapitwa. Ikisomwa, mtu huvaa akaenda.

Wa kwanza kubisha hodi Alhamisi asubuhi alikuwa Bwana Shukri. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa siku ambayo si Ijumaa, mikono ameifumbata mbele, uso ameuinamisha. Mamake Swafiya alifungua mlango akiwa na unga mpaka viwiko.

"Tumekuya kuhani," alisema Bwana Shukri, kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa pole.

Mama wa watu alimfikiria kaka yake aliyelazwa hospitalini mjini Amu, akamfikiria mumewe aliyekuwa baharini, akashika mlango kwa mikono miwili na kuanza kuuliza nani, nani, jamani nani, mpaka Bwana Shukri akatoa simu mfukoni na kumwonyesha maiti. Mama aliitazama ile picha. Alimtazama Bwana Shukri. Hakujua acheke ama amfukuze, na alipokuwa bado anapima, nyuma ya Bwana Shukri wakatokea wanawake wanne na chupa ya chai.

Asubuhi haikwisha kabla kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, hakijajaa. Bi Hadia mwenye duka alileta halwa. Waliofuata walileta mikeka yao wenyewe, wakaitandika, wakavua viatu na kukaa kwa mpangilio kamili wa msiba: wanawake ndani, wanaume nje barazani, wazee karibu na ukuta. Wengine walikuwa wanacheka chini ya buibui mpaka mabega yanatikisika. Wengine, na msidhani naongeza chumvi, macho yalikuwa mekundu kwelikweli. Swafiya alitoka chumbani na nywele zimesimama, akitaka kueleza kwamba ni katuni, na mdomo haujafunguka alishashikwa mkono na mwanamke wa kwanza.

"Pole, mwanangu. Alikuwa punda wa watu."

"Nishapoa," alijibu Swafiya. Jibu lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu aliyefunzwa adabu, na baada ya kulijibu mara moja ilimbidi alijibu kwa wote.

Mwalimu Jabez wa shule ya msingi alifika wakati wa mapumziko. Alikuwa mtu wa bara, mwaka wa tatu sasa kisiwani, na alipenda sana kushiriki mambo ya wenyeji ingawa hakuyapatia kila mara. Aliuliza kama kamati imeshaundwa. Kwao, alisema, msiba wa aina hii usingepita bila kamati, na yeye kama wangependa angekubali uenyekiti. Akauliza pia mwili uko wapi na mazishi ni Jumamosi ipi. Bi Sundus alimweleza kwamba hapa wanazika kwanza, maswali baadaye. Mwalimu Jabez aliliona hilo ni jambo la busara, akavua viatu, akapokea kipande cha halwa, akasahau kabisa kwamba kengele ya shule ilikuwa inamngoja yeye.

Kisha likazuka la kuzuka. Mzee mmoja aliyetoka msikitini alisimama dirishani na kuuliza kwa sauti kavu kama ni kweli kwamba humu punda anasomewa hitima. Kicheko chote kilikatika, kwa sababu kisomo cha maiti kwa punda kingekuwa kosa lisilo na mchezo. Bi Sundus aliinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita mashua irudi, lakini safari hii alisema polepole.

"Hitima hakuna, dua hakuna, na jina la Mola halitezewi hapa. Kahawa ipo."

Mzee alifikiri. Akazunguka akaja barazani, akapokea kikombe, na kabla hakijaisha alikuwa anawaeleza wenziwe ni mkasa upi wa Hasha uliompendeza zaidi.

Swafiya hakupendezwa na lolote. Alijipenyeza jikoni, akamkuta Bi Sundus amerudi kwenye nazi zake, akamwaga yote: askari asiye na suruali, Jumapili, Nerea, Wafula na mamake Wafula, mwaka wa watu watatu. Alikuwa amemuua Hasha apate nafasi, na sasa nyumba imejaa waombolezaji na nafasi ile ndogo aliyokuwa nayo imekwenda.

Bi Sundus alicheka. Alicheka mpaka akaishika mbuzi ya nazi isimwangushe, akapangusa machozi kwa ncha ya leso, akaanza upya. Halafu akakoma ghafla, kama mtu aliyeona kitu sakafuni.

"Hebu niambie," alisema. "Mfiwa hupika?"

"Hapiki."

"Hutumwa kisimani?"

"Hatumwi."

"Kuna mwenye uso wa kumwuliza Alhamisi italeta nini?"

"Hakuna."

"Basi ingia ndani ukafiwe," alisema Bi Sundus. "Una siku tatu."

Jamani, siku tatu hizo. Swafiya hajawahi kuheshimiwa namna ile na huenda hataheshimiwa tena mpaka aolewe. Aliingia chumba cha ndani na kompyuta yake, pazia likateremshwa, na Bi Sundus akaketi mbele yake kama lango la ngome. Kila aliyetaka kuingia kumpa pole aliambiwa mfiwa hajiwezi. Watoto walionyamazishwa walinyamaza. Wali wa nazi uliingia, samaki wa kupaka akaingia, mkate wa mofa bado una moshi, kaimati zikafuata, na Swafiya alikula kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unasukuma kipanya. Stima ilipokatika Ijumaa, Bi Hadia alifunga duka, akaja na betri yake ya sola amejitwisha kichwani. Alisema mfiwa haachwi gizani.

Hata mamake, aliyeanza siku ya kwanza kwa aibu, siku ya pili alionekana amevaa leso mpya na kupokea pole kwa niaba ya jamaa. Kuna waliomsikia akisema kwamba Hasha alikuwa na tabia ngumu lakini moyo wake ulikuwa safi.

Na kule ndani kazi ilikwenda. Ilikwenda kwa namna ambayo Swafiya mwenyewe hakuitarajia, mkono ukitii, macho yakiona. Askari alipata suruali. Alipata kikoi juu ya suruali, kwa sababu suruali peke yake ilimfanya aonekane mtu wa kuuza bima. Alipata kilemba, mkanda, na kitambi kidogo cha mtu anayelinda lango lisilovamiwa. Alikosa mwendo tu. Kila alivyomtembeza alikwenda kama aliyeota majipu. Swafiya aliinuka kunyoosha mgongo, akachungulia dirishani, akamwona Bwana Shukri anakwenda na kurudi mbele ya baraza, mikono nyuma, tumbo mbele, kila hatua ikitua baada ya kufikiriwa. Akarudi kwenye kiti kwa haraka. Leo kuna gemu ambayo Bwana Shukri analinda lango lake, na mwenyewe hana habari.

Jumamosi mchana Swafiya alipanda darini, juu ya nyumba, ambako mtandao unashika vizuri, akatuma watu wote wa mji, na kukaa juani akiutazama ule mstari mdogo ukitambaa mpaka ukafika mwisho. Wafula alijibu kwanza. Alituma picha inayokwenda ya askari akitembea langoni, na neno moja tu, "Eish." Nerea alipiga simu. Alisema kazi imefika, ni nzuri, ni nzuri sana, na kwamba yeye amelia kidogo lakini asimwambie Wafula. Nyuma ya sauti yake Swafiya alisikia magari ya Nairobi.

"Swafi, nikuulize kitu kimoja, si cha kazi," alisema Nerea. "Amekufa kweli?"

Swafiya alisema atampigia baadaye.

Alishuka chini akiwa mwepesi, roho inaruka. Mwaka umepona. Kiwandani wanawake walikuwa wameanza kukunja mikeka, maana siku ya tatu ilikuwa inakwisha na kila mtu ana nyumba yake. Aliingia chumbani, akafungua picha ya Hasha aliyelala mchangani ili aihifadhi mahali pamoja na zile nyingine, ayafunge mambo vizuri. Aliitazama.

Hakuna aliyejua Hasha alizaliwaje. Swafiya hakumwambia mtu. Ilikuwa mwaka wa kwanza, bwenini Mombasa, siku mhadhiri mmoja alipopitia michoro yake yote mbele ya darasa na kusema hapa hamna kitu, hii ni mikono ya mtoto, anza upya. Alikaa na karatasi ile magotini, hana hamu ya kula wala ya kuongea, na pembeni ya karatasi mkono wake ukachora punda mwenye masikio yasiyolingana. Punda akasema hasha. Kwa miezi mingi hakumwonyesha mtu. Alikuwa punda wa kumchekesha yeye tu, kila jioni, kabla hajawa na Alhamisi, kabla hajawa na watu wa kumngoja. Na huyo ndiye aliyempeleka mchangani kwa picha moja, kwa sababu alikuwa na haraka.

Aliangua kilio. Kilikuwa kilio cha kweli, cha mabega, na kilisikika nje ya pazia. Kiwandani mikeka iliyokuwa inakunjwa ilisimama nusu. Bi Hadia, ambaye kwa siku tatu alicheka kuliko wote, alikaa chini tena. Bi Sundus aliinua pazia, akaingia, akaona picha, akakaa kando ya mtoto wa nduguye na kumwacha alie mpaka pumzi zikapoa.

"Hawa watu wetu wakifa wana Mwenyewe Mungu wa kuwapokea," alisema mwishowe, akionyesha picha kwa kidole. "Huyu hana mtu ila wewe. Ukimwata peke yake, kwisha."

"Nilidhani siwezi mambo mawili, shangazi."

"Uliyaweza. Uliyoshindwa ni haya ya kuwaridhisha watu wa muyi mzima."

Swafiya alijipangusa uso kwa mtandio. Akavuta ubao wa kuchorea, akashika kalamu. Habari zilitangulia kufika nje kabla mstari wa kwanza haujakamilika. Sijui zilipita wapi, lakini mlango ulijaa, simu zikiwa juu tayari kupiga picha, na wa nyuma wakiwauliza wa mbele kama ameshafumbua macho. Swafiya aliwageukia. Uso wake ulikuwa bado una maji, lakini alikuwa anatabasamu.

"Huyu wa leo ni wangu," alisema. "Munipe nafasi."

Walinung'unika sana. Walisema wamekaa siku tatu, walisema wameleta halwa, mmoja akasema hii ni dhuluma. Bi Sundus aliwasukuma nje kwa mapaja na viwiko, kwa upendo lakini hakurudi nyuma, akateremsha pazia. Barazani Bwana Shukri alikuwa amesimama na kanzu yake, akingoja mtu wa kumpa habari, na alipomwona Bi Sundus alimwuliza moja kwa moja: punda yu hai ama hayuko?

"Yu hai," alisema Bi Sundus. "Lakini ana shughuli."

Bwana Shukri aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akashika njia ya shambani. Kule ndani, nyuma ya pazia, Swafiya alikuwa anacheka peke yake.